Usiitupe Laptopu Kuukuu: Jinsi ya Kuikagua, Kuitengeneza na Kuiwekea Programu Huria

Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuuhudumia mfumo endeshi wa Windows 10, uliokuwa umetumika tangu mwaka wa 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Bado zinawaka na kufanya kazi. Kilichokoma ni masasisho ya usalama, yaani viraka vya kuziba mianya ambayo wahalifu wa mtandaoni hupenyea, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja.

Wenye kompyuta walishauriwa kuhamia Windows 11. Tatizo ni kwamba Windows 11 haikubali kila mashine. Inahitaji sehemu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu, ukiondoa chache mno. Prosesa za kizazi hicho zilianza kutoka mwaka wa 2017. Kwa hivyo, laptopu nyingi zilizoundwa kabla ya 2018, zikiwemo za mtumba tunazouziwa madukani kwa jina la "ex-UK", hazina njia rasmi ya kuhamia mfumo huo mpya.

Hapo ndipo mwananchi huambiwa, "Hii imepitwa na wakati, nunua nyingine." Kwa mwanafunzi wa chuo, mwenye saiba, katibu wa chama cha akina mama au mwalimu wa shule ya chekechea, kauli hiyo ni mzigo mkubwa wa pesa. Mara nyingi pia si kweli. Somo la toleo hili linaeleza jinsi mkazi wa kawaida anavyoweza kuikagua laptopu yake, kutengeneza yaliyo mepesi na kuiwekea programu ambazo hazimlazimu kununua mashine mpya. Jambo la kushika tangu mwanzo ni moja: kabla hujalipa shilingi yoyote, tenganisha ugonjwa wa kifaa na ugonjwa wa programu.

KWA NINI JAMBO HILI LINAIHUSU KAUNTI

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Jedwali hilo hilo limezipa pia jukumu la kuzoa na kutupa taka. Kompyuta iliyoharibika inagusa majukumu yote mawili. Ikipata mtu anayejua kuitengeneza, inampa kijana riziki na mwenyewe anaendelea na kazi. Ikikosa mtu wa kuitengeneza, inaishia jaani, na gharama yake inarudi kwetu sote kupitia udongo, maji na hewa.

PROGRAMU HURIA NI NINI?

Kompyuta ina pande mbili. Upande wa kwanza ni vifaa, yaani kila unachoweza kukishika: skrini, betri, diski, feni. Upande wa pili ni programu, yaani maagizo yanayoviambia vifaa hivyo la kufanya. Upande wa vifaa unafunguliwa kwa bisibisi. Upande wa programu hufunguliwa na ruhusa.

Kisa kimoja kinaeleza vizuri maana ya ruhusa hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, wafanyakazi waliletewa mashine mpya ya kuchapa ambayo ilikuwa ikikwama karatasi mara kwa mara. Mtayarishaji wa programu aitwaye Richard Stallman alikuwa ameirekebisha programu ya mashine ya awali ili iwaarifu watu karatasi zinapokwama. Alitaka kuifanyia vivyo hivyo mashine mpya, lakini ilikuja bila msimbo wake. Alipomwomba mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa na msimbo huo, alinyimwa, kwa kuwa mtafiti yule alikuwa ameahidi kutoutoa. Mashine ilikuwa mbele yao, kasoro waliijua, na ujuzi wa kuiondoa walikuwa nao. Walichokosa ni ruhusa.

Mwaka wa 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo endeshi ambao yeyote angeweza kuurekebisha, na mwaka wa 1985 akaanzisha Free Software Foundation. Programu huria ni ile inayompa mtumiaji uhuru wa aina nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza inavyofanya kazi na kuibadilisha, kumgawia mwenzake nakala, na kusambaza nakala aliyoiboresha.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu "huria" na "bure" ni maneno mawili tofauti. Programu inaweza kuwa ya bure lakini imefungwa, kama nyingi tunazopakua kwenye simu. Programu huria kwa kawaida hupatikana bila malipo, ila thamani yake kubwa ni ule uhuru.

Sehemu muhimu iliyokuwa imekosekana katika mfumo huo ilipatikana mwaka wa 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipotoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux. Leo kiini hicho ndicho kilicho ndani ya kila simu ya Android, kwa hivyo huenda umekuwa ukitumia Linux kila siku bila kujua. Mwaka wa 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, mfumo wa Linux uliokusudiwa kumfaa mtu wa kawaida. Jina lake ni neno la lugha za Kibantu za kusini, ndugu wa neno letu "utu". Mwaka huo huo, mradi wa Kilinux uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za afisi yenye menyu za Kiswahili. Waliweza kuitafsiri bila kungoja kampuni iamue kama soko letu lina faida, kwa sababu leseni iliwaruhusu.

USALAMA KWANZA

Kabla ya kushika bisibisi, jua usichopaswa kufungua. Umeme wa nyumbani mwetu ni wa volti 240. Ndani ya chaja, runinga, mashine ya kuchapa na oveni ya maikrowevu kuna sehemu zinazohifadhi umeme wa zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa. Oveni ya maikrowevu na runinga za kichogo hubeba maelfu ya volti, na zimewahi kuua mafundi wenye uzoefu. Waachie waliosomea kazi hiyo. Usiifungue chaja ya laptopu. Ikiharibika, nunua nyingine.

Laptopu yenyewe hutumia takriban volti 19 au 20 zinazotoka kwenye chaja, ndiyo sababu inafaa kwa mwanafunzi. Hata hivyo, hatari moja imo: betri ya lithiamu. Ukiona sehemu ya chini imevimba, au padi ya kuelekezea kishale imeinuka, zima mashine, chomoa chaja na usiichaji tena. Usiitoboe betri wala kuikandamiza ili irudi bapa. Iweke mahali pasiposhika moto, mbali na watoto, kisha mpelekee fundi.

HATUA YA 1: OKOA KAZI YAKO

Laptopu inaweza kununuliwa tena. Picha za marehemu mzazi, daftari la mikopo ya chama au tasnifu ya miaka miwili haziuzwi dukani. Ikiwa mashine bado inawaka, hata kwa kusuasua, kazi ya kwanza ni kutoa nakala ya kila faili unayoihitaji.

Nakili hati, picha na video kwenye diski ya nje au flashi, kisha nakili zile muhimu zaidi mahali pa pili, kama vile akaunti yako ya mtandaoni. Nakala moja haitoshi, kwa kuwa flashi hupotea. Kumbuka pia yasiyoonekana kama faili: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, alamisho na anwani za barua pepe. Ukimaliza, fungua faili kadhaa ukitumia kompyuta nyingine uhakikishe kwamba zinafunguka. Ukisikia diski ikitoa mlio wa tik-tik, usiendelee kuwasha na kuzima mashine ukijaribu bahati. Kila jaribio linaweza kuiumiza zaidi.

HATUA YA 2: TAMBUA UGONJWA

Fundi mzuri huuliza maswali kabla ya kufungua skrubu. Fanya vivyo hivyo.

Haiwaki kabisa. Anza na yaliyo nje. Chomeka kifaa kingine kwenye soketi hiyo uone kama umeme upo. Jaribu chaja nyingine yenye volti sawa na plagi sawa. Ukiwa na multimita na chaja yako ni ya plagi ya mviringo, pima volti zinazotoka. Zinapaswa kukaribia zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kisha chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka, na ubonyeze kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30. Rudisha chaja na ujaribu tena. Mara kadhaa mashine "iliyokufa" hufufuka hapo.

Inawaka, feni inasikika, lakini skrini ni nyeusi. Unganisha skrini au runinga ya nje. Picha ikitokea huko, ubongo wa mashine ni mzima na tatizo ni skrini au kebo yake. Picha isipotokea, zima mashine, toa umeme wote, chomoa kadi ya RAM, safisha meno yake ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, na uirudishe hadi ibane.

Inapata moto na kujizima. Chanzo cha kawaida ni vumbi lililoziba feni. Fungua kifuniko cha chini, shikilia feni kwa kidole isizunguke, na utoe vumbi kwa brashi laini. Ikiwa mashine ina miaka mingi, dawa ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoza huenda imekauka na inahitaji kubadilishwa.

Tarehe na saa zinarudi nyuma kila ikizimwa. Kasoro hii huwatisha wengi, kwa sababu tarehe ikiwa si sahihi tovuti hutoa onyo kwamba "muunganisho si salama" na mtu hudhani ana virusi. Mara nyingi ni betri ndogo ya duara tu, aina ya CR2032 yenye volti 3, inayouzwa hata katika maduka ya saa. Katika baadhi ya laptopu betri hiyo huwa na waya na plagi yake, kwa hivyo itazame kwanza kabla ya kununua.

Ni polepole mno. Hili ndilo lalamiko la kawaida zaidi, na ndilo lenye tiba ya kuridhisha zaidi. Laptopu nyingi za zamani zina diski ya sahani zinazozunguka. Ukiiondoa na kuweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka kwa chini ya dakika moja. Kazi yenyewe ni skrubu chache. Hatua ya pili ni kuongeza RAM ikiwa ina chini ya GB 4. Angalia aina: DDR3 haiingii mahali pa DDR4, na baadhi ya laptopu nyembamba zina RAM iliyolehemwa isiyoweza kubadilishwa. Nenda dukani na kadi ya zamani mkononi.

Unapofungua, fanya kazi juu ya meza safi yenye mwanga. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Chomoa betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Panga skrubu kwenye trei ya mayai, kila shimo na sehemu yake, na upige picha kwa simu kila hatua; skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la skrubu fupi inaweza kutoboa bodi. Kubandua kifuniko, tumia kadi ya plastiki iliyoisha muda, usitumie kisu. Jambo lolote linalohitaji kulehemu, kama tundu la chaja linalochezacheza, ni la fundi.

HATUA YA 3: WEKA MFUMO HURIA

Ikiwa vifaa viko sawa na kikwazo ni mfumo tu, hapa ndipo programu huria inapofanya kazi. Kuna mifumo mingi ya Linux. Kwa anayetoka Windows, Linux Mint ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa menyu na mpangilio wake havitamchanganya. Inahitaji prosesa ya biti 64, RAM isiyopungua GB 2 (GB 4 zinafaa zaidi) na nafasi ya GB 20 kwenye diski. Kwa mashine dhaifu, chagua toleo lake la Xfce, ambalo ni jepesi.

Kwanza, pakua faili ya mfumo kutoka tovuti rasmi ya Linux Mint. Ni kama GB 3, kwa hivyo tafuta mahali penye Wi-Fi badala ya kumaliza bando lako.

Pili, tafuta flashi tupu ya GB 8. Tumia programu ya Rufus au balenaEtcher kuiandika faili hiyo kwenye flashi. Kuinakili faili kwa njia ya kawaida hakutoshi. Flashi haitawasha mashine. Kila kilichokuwamo kwenye flashi kitafutika.

Tatu, chomeka flashi, washa laptopu huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua diski ya kuwashia. Kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, na kwa HP nyingi ni F9. Chagua flashi.

Nne, usikimbilie kusakinisha. Linux Mint hufunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Tumia nafasi hiyo kujaribu: Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera inaona? Mashine yako ya kuchapa inatambuliwa? Fungua tovuti unazotegemea, kama eCitizen au ya chuo chako. Kama kitu hakifanyi kazi, zima mashine na utoe flashi. Kila kitu kitabaki kilivyokuwa.

Tano, ukiridhika, bofya alama ya kusakinisha na ufuate maagizo. Ukichagua kufuta diski, kilichokuwamo hakitarudi, ndiyo maana Hatua ya 1 ilitangulia. Baadaye sakinisha masasisho yote kabla ya kuanza kazi.

Mfumo huo huja na LibreOffice ya kuandika barua, kupiga hesabu na kutayarisha mawasilisho. Hufungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Kivinjari cha Firefox kimo. Flashi uliyotengeneza haijaisha kazi pia. Leseni inakuruhusu kumpa jirani, shule au kikundi cha vijana wakaitumia bila kuvunja sheria. Hali ni tofauti kabisa na nakala za wizi za Windows na Office zinazouzwa kwa bei ya chini. Hizo zinakiuka haki za wenye kazi, na zana za kuzivunjia leseni ni njia maarufu ya kuingiza programu za kudukua nywila na pesa.

MIPAKA YAKE

Programu huria haifai kila mtu. Ikiwa riziki yako inategemea Photoshop au programu ya uhasibu iliyoundwa kwa Windows pekee, huenda isifanye kazi kwenye Linux. Majedwali ya Excel yenye makro hayafunguki vizuri kila wakati katika LibreOffice. Jaribu lako kabla ya kuhama. Baadhi ya mashine za kuchapa na za kupiga chapa za vidole hazina viendeshi vya Linux. Tarajia pia wiki moja au mbili za kuzoea.

Kuna pia mashine ambazo hazistahili kutengenezwa. Kanuni rahisi ya kutumia ni hii: jumlisha bei ya vipuri na ya fundi. Ikizidi nusu ya bei ya laptopu nzuri ya mtumba ya kiwang'o hicho hicho, fikiria mara mbili.

Unaponunua ya mtumba, soma kibandiko. Katika prosesa ya Intel iliyoandikwa i5-6300U, tarakimu 6 baada ya kistari ni kizazi cha 6. Iliyoandikwa i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Namba ikianza na 10 au 11, ndicho kizazi chake. Muuzaji akikuahidi Windows 11 kwenye kizazi cha 6, unajua anachokuuzia.

UNAPOENDA KWA FUNDI

Kwenda kwa fundi ni sawa. Huo ndio utaratibu wa kuwapa vijana wetu kazi. Nenda ukiwa na maelezo. Mweleze dalili bila kumwambia ugonjwa. Uliza bei ya ukaguzi kabla hajafungua. Omba kurudishiwa kipuri cha zamani kikibadilishwa. Kubaliana naye kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, kuhusu bei na muda wa dhamana.

Linda siri zako. Kifungu cha 31 cha Katiba kinakupa haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamwajibisha anayeshika taarifa za watu wengine. Ikiwa laptopu ni ya chama, zahanati au shule, ina majina, namba za vitambulisho na hata rekodi za afya za watu ambao hawapo mbele ya fundi kujitetea. Kwa tatizo la skrini, tundu la chaja au kibodi, toa diski ubaki nayo nyumbani, fundi haihitaji. Usiandike nywila yako kwenye karatasi na kuibandika juu ya mashine.

IKISHINDIKANA

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka wa 2022, na ni asilimia 22.3 pekee iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Bodi za zamani zina risasi, na skrini nyingi za zamani zina taa zenye zebaki. Kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wenye sumu ya dioksini, na anayeuvuta kwanza ni yule kijana anayechoma.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinapotoka, na inawawekea wanaozalisha na kuingiza bidhaa nchini wajibu juu ya bidhaa hizo hata baada ya matumizi. Usichanganye kompyuta, simu na betri na taka za jikoni. Toa diski kwanza. Kisha muulize fundi kama anahitaji vipuri. Skrini, kibodi na RAM ya mashine moja zinaweza kuokoa nyingine tatu. Kinachobaki kipelekwe kwa wanaorejeleza walio na leseni, kama Kituo cha WEEE kilicho Nairobi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Laptopu ya shule inaonyesha mwaka wa 2015 kila asubuhi, na tovuti zote zinatoa onyo la usalama. Utakagua nini kwanza?

2. Jirani ana laptopu yenye prosesa i5-7200U na RAM ya GB 4. Ameambiwa aitupe kwa sababu haikubali Windows 11. Utamshauri nini?

3. Katibu wa chama anapeleka laptopu kwa fundi kubadilishiwa kibodi. Diski ina orodha ya wanachama na mikopo yao. Afanye nini kabla ya kuondoka nyumbani?

4. Padi ya kishale imeinuka na kifuniko cha chini hakifungi. Kwa nini usiendelee kuichaji?

MAJIBU

1. Betri ndogo ya bodi, CR2032. Tarehe mbaya ndiyo inayoleta maonyo, si lazima iwe virusi.

2. Atoe nakala za faili zake, ajaribu Linux Mint kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, na ikimfaa aisakinishe. Ikiwa diski yake ni ya kuzunguka, SSD itamsaidia kuliko kununua mashine nyingine.

3. Atoe diski, au amwombe fundi aitoe mbele yake, abaki nayo. Kubadilisha kibodi hakuihitaji.

4. Betri imevimba na inaweza kushika moto. Izimwe, chaja ichomolewe, na betri iondolewe na fundi kisha ipelekwe kwa wanaorejeleza.